Mlango wa Nyuma



Miaka mitatu iliyopita familia yetu ilikutana chini ya mwembe, hapa Lubumbashi, kuzungumza juu ya nyumba. Mama yetu alikuwa mgonjwa, fedha za upasuaji zilikuwa hazijapatikana, na mwaka wa masomo ulikuwa umekaribia. Mfanyabiashara mmoja alituletea bei nzuri. Nyumba hakuitaka, alichokitaka ni kiwanja. Alikusudia kubomoa kila kitu na kusimamisha jengo la ghorofa lenye maduka chini. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema: tuuze. Ninawaandikia ili niwaeleze kwa nini niligeuza mawazo yangu, na kwa nini hata leo sina hakika kama kila ndugu yangu amenisamehe.

Nyumba hiyo ni ya matofali ya kuchoma, haina ghorofa, kuta zake ni nene. Ilijengwa katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita, pembezoni mwa mji wa Wazungu, wakati Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville. Imeinuliwa juu ya msingi wa matofali, ili maji ya mvua na mchwa visifikie sakafu kwa urahisi. Mbele ina baraza pana, kitu ambacho Wabelgiji walikipenda hata wakachukua neno letu na kulitia katika Kifaransa cha Kongo, wakasema «barza». Dari iko juu sana, na karibu na dari kuna matundu madogo ukutani yanayotoa hewa yenye joto. Aliyeichora nyumba hiyo hakuwa na umeme wa kupoza chumba. Alitumia kivuli, upepo na unene wa ukuta. Katika mwezi wa kumi, jua linapokuwa kali kabla ya mvua, ndani ya nyumba hiyo mtu hupumua vizuri kuliko katika nyumba nyingi mpya za mtaa wetu.

Mwishoni mwa kiwanja, nyuma kabisa, kuna nyumba nyingine ndogo. Ina vyumba viwili, paa la chini, na dirisha moja lisilotosha kupitisha mabega ya mtu. Matofali yake ni yale yale ya nyumba kubwa, lakini hapo hakuna baraza, hakuna dari, hakuna matundu ya hewa. Hapo ndipo alipolala boyi, mtumishi wa Mzungu. Boyi huyo alikuwa babu yangu.

Mji wetu si wa kale kama wengi wanavyodhani. Ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Émile Wangermée, aliyekuwa mkuu wa Katanga, alipanga barabara zilizonyoka, zinazokatana kama mistari ya daftari, na ndizo tunazotembelea hadi leo. Kati ya mji wa Wazungu na makao ya Waafrika uliachwa ukanda mtupu usiojengwa. Usiku, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana katika barabara za Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Waliolala upande ule kwa idhini walikuwa watumishi wa nyumbani, katika vijumba kama hicho cha babu. Mchana mji uliwagawa watu kwa ukanda ule, na usiku kila kiwanja kiliwagawa kwa hatua chache za bustani.

Mwenye kujenga kwa matofali hutangaza kwamba amekuja kukaa. Ndiyo maana miaka ile ya ishirini ilileta kuta nyingi nyekundu. Kanisa kuu letu la Watakatifu Petro na Paulo, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1920, nalo ni la matofali. Tunalitazama kila tunapopita, tunaimba ndani yake, tunafunga ndoa ndani yake. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kujiuliza tofali moja lilitoka wapi?

Lilitoka katika ardhi yetu. Vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo mchwa walivijenga kwa muda mrefu sana, vina udongo mzuri wa mfinyanzi. Watu waliuchimba, wakaukanyaga kwa miguu pamoja na maji, wakautia katika kibao cha kufyatulia, wakayaanika matofali juani, wakayapanga kwa marundo yenye mapango ya moto, kisha wakachoma miti ya msitu wa miombo siku kadhaa, usiku na mchana. Watu hao wengi walikuwa wameletwa kutoka mbali, kwa maana Katanga ilihitaji mikono, na kuanzia mwaka 1910 kulikuwa na shirika maalumu la kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail. Majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote.

Babu alitoka upande wa Luapula akiwa kijana. Alitumika katika nyumba ile karibu miaka thelathini, jikoni na mezani. Baba yangu alijifunza kutembea katika kijumba cha nyuma. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, bwana wa nyumba aliondoka, na nyumba ikapita katika mikono mbalimbali. Katika miaka ya sabini baba, aliyekuwa karani, alisikia kwamba inauzwa. Akakopa, akauza baiskeli na cherehani ya mama, akainunua. Hakutafuta nyumba nyingine. Alitaka ile.

Siku ya kuingia, baba alimkabidhi babu ufunguo wa mlango wa mbele. Babu aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka mfukoni. Kisha akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa nyuma. Akafanya hivyo mpaka alipokufa. Sisi wajukuu tulicheka sana. Baba hakucheka. Jioni moja nilimsikia akimwambia kwa heshima: «Tata, nyumba hii ni yako. Pita mbele.» Babu akajibu: «Mwanangu, mguu wangu unajua njia yake.»

Basi rudini nami chini ya mwembe. Kaka yangu mkubwa alisema maneno ambayo sikuweza kuyajibu. Alisema: «Mnataka kutunza nini? Nyumba hii ni kumbukumbu ya kudharauliwa kwetu. Tangu lini mtumwa anapaka rangi mnyororo wake? Mama anaumwa. Matofali hayaumwi.» Nilitikisa kichwa kukubali. Dada yetu alinyamaza, halafu akatoa shauri la katikati: tuibakize nyumba kubwa, ambayo ni nzuri na watu huipiga picha, tuuze sehemu ya nyuma ya kiwanja pamoja na kijumba. «Kile hakina thamani,» alisema. Sote tukapumua. Hata mama, aliyekuwa amelala barazani, aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia.

Mnunuzi alikubali. Alikuwa tayari kutuachia matofali ya kijumba tuyauze wenyewe, maana matofali ya zamani hununuliwa. Nikamwita fundi mmoja mzee aje ayahesabu. Alikwaruza ukuta kwa msumari, mahali ambapo lipu ya saruji ilikuwa imeanguka, akasikitika. «Nani alipaka saruji hapa?» Nikasema ni sisi, miaka kumi iliyopita, ili kupendezesha. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali. Unyevu ukipanda kutoka ardhini, hutokea kupitia chokaa na kukauka. Ukiziba ukuta kwa saruji ngumu, maji hukosa njia, hubaki ndani ya tofali, na tofali huanza kumomonyoka kama mkate. «Mliuficha ukuta,» alisema, «na kwa kuuficha mkauozesha.»

Kisha akachomoa tofali moja lililolegea, akaligeuza, akanipa. Ubavuni mwake kulikuwa na alama nne, mabonde manne madogo. Nilifikiri ni kasoro. Fundi akachukua mkono wangu akaviweka vidole vyangu juu ya alama zile. Havikuenea. Zilikuwa ndogo mno. «Tofali hili liliinuliwa likiwa bichi,» alisema. «Aliyeliinua alikuwa na vidole vidogo. Huenda alikuwa mtoto.»

Vijana wapendwa, nilisimama pale na tofali mkononi, na hesabu yangu ya fedha ikanitoka kichwani. Nikaenda kwenye mlango wa nyuma wa nyumba kubwa. Nguzo yake ya kulia ina tofali moja lililolika na kuwa laini, kwenye kimo cha mkono wa mtu mzima. Nilikuwa nimeliona tangu utoto bila kuliona. Ndipo babu alipoegemea kila siku, mkono mmoja ukutani, akipangusa miguu kabla ya kuingia jikoni.

Nilitambua kwamba sisi tulikuwa tukipima thamani ya nyumba kwa macho ya yule aliyeondoka. Tuliona baraza, madirisha, paa, tukasema: hii ni ya kutunza. Tuliona kijumba, tukasema: hiki hakina thamani. Lakini yule aliyelala katika vyumba vizuri hakuwa wetu. Wa kwetu alilala kule nyuma. Tungeuza chumba pekee chenye historia ya ukoo wetu, tukatunza vyumba vya mtu ambaye hata hakumwuliza babu jina la baba yake.

Nilimwendea kaka yangu, nikamwambia kwamba alisema kweli kuhusu dharau, lakini nadhani alikosea kuhusu dawa yake. Ukibomoa ushahidi, dhuluma haifutiki. Inapata mahali pa kujificha. Nyumba kubwa bila kijumba ni uongo mzuri: mgeni ataiona na kudhani kwamba watu waliishi hapa kwa raha tu. Kijumba bila nyumba kubwa ni kibanda cha kawaida. Vikisimama pamoja, na zile hatua chache za bustani katikati, mtoto yeyote ataelewa bila kufundishwa.

Biblia yenyewe haipendi matofali sana. Huko Babeli watu walichoma matofali ili wajitafutie sifa, na Misri Waisraeli waliteswa kwa kufyatua matofali bila kupewa majani. Lakini Mungu hakuwaambia wasahau. Aliwaamuru wasimulie kila mwaka, na walipovuka Yordani Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili kwa sababu moja: ili siku moja watoto waulize maana yake, na wazazi wawe na la kujibu. Huo ndio urithi kadiri ya imani yetu: kitu kinachomfanya mtoto aulize.

Hatuko peke yetu katika fikira hizi. Mji wa Asmara, uliojengwa kwa sehemu kubwa wakati wa Waitalia, uliandikwa mwaka 2017 na UNESCO kuwa urithi wa dunia, nao Waeritrea wanauita wao. Grand-Bassam, mji mkuu wa kale wa wakoloni Wafaransa huko Kodivaa, uliandikwa mwaka 2012. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Na Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kuitunza nyumba yetu ya pamoja, alifundisha kwamba, pamoja na urithi wa maumbile, uko pia urithi wa historia na utamaduni unaohatarishwa, na kwamba huo ni sehemu ya utambulisho wa kila mahali. Miti iliyochoma matofali yetu ilikwisha kukatwa. Tukiyavunja bila sababu, tutakata mingine ili kuchoma mapya.

Tena, watumishi wa mji huu hawakusubiri wataalamu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha hapa kitabu cha historia ya mji wa Élisabethville, jinsi wao walivyoiishi na kuisimulia. Maboyi waliandika historia! Na tangu mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu chetu wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za wakaaji wa Lubumbashi, vitu vya nyumbani na masimulizi ya kawaida, wakiyaona kuwa hazina. Nilipojua hayo niliona haya kwamba mimi, mjukuu wa boyi, nilikuwa tayari kuuza chumba chake kwa jumla, pamoja na matofali ya kuhesabiwa.

Mnamkumbuka Mwenye heri Isidori Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906, akafa mwaka 1909 kwa majeraha ya viboko kwa sababu hakukubali kuiacha imani yake na skapulari yake. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Shahidi wetu alikuwa mtu wa matofali na udongo. Ninapoona ukuta wa zamani sasa, ninamfikiria kijana kama yeye, asiye na jina katika karatasi za kampuni, lakini jina lake limeandikwa kwa Mungu.

Hata hivyo sitaki mtu anielewe vibaya. Mwili wa mama ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu, na hakuna ukuta unaolingana naye. Kama ingekuwa hapana njia nyingine, ningebomoa kwa mikono yangu mwenyewe, na babu angenisaidia. Swali langu kwa ndugu zangu lilikuwa: je, kweli hapana njia nyingine, au tumechagua iliyo nyepesi? Tulikaa tena siku mbili. Mwishowe tuliuza ukanda wa pembeni, bustani yenye miembe miwili, pamoja na ule tuliokutania chini yake. Bei ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Upasuaji wa mama ulilipwa. Karo za shule hazikutosha. Mtoto wa kaka yangu alikaa nyumbani mwaka mzima. Kaka hajanitamkia neno baya, lakini akija kututembelea hupita barazani haraka, wala haendi nyuma. Mwaka huo wa kijana wetu ni sehemu ya bei ya matofali yale, na mimi ninapaswa kuukumbuka kila ninapoyasifu. Sasa ninamlipia mimi, kidogo kidogo.

Tumeibandua lipu ya saruji kwenye kijumba. Fundi yule mzee amewafundisha vijana wawili wa parokia kuchanganya chokaa na mchanga na kujaza viungo vya ukuta polepole, kwa subira, bila kuficha tofali. Paa bado linavuja upande mmoja. Ndani tumeweka kitanda cha babu, sanduku lake la chuma, na lile tofali lenye vidole. Jumamosi, wanakiro wadogo huja kufanya mkutano wao barazani, na mara nyingi mmoja hupotea kwenda nyuma, halafu hurudi akiuliza: «Kwa nini ile nyumba ndogo haina madirisha?» Basi ninaketi nao, ninasimulia.

Ninawaomba jambo moja tu, katika vikundi vyenu. Kabla ya mwezi huu kwisha, mtafuteni mzee mmoja katika mtaa wenu aliyejenga, aliyefua, aliyepika au aliyelinda nyumba ya zamani, hata kama yeye hakuwa mwenye nyumba. Mwulizeni alilala wapi na aliingia kwa mlango upi. Andikeni jina lake kamili na la baba yake. Kisha itazameni parokia yenu: ukuta upi wa zamani mnataka kuupaka saruji au kuubomoa, na nani aliujenga? Mjadiliane, mkikumbuka kwamba upande wa kubomoa nao una watu wenye njaa na wagonjwa, na mara nyingine ndio wenye haki.

Mama alipona. Pasaka iliyopita, tulipotoka Misa ya mkesha, alishuka kwenye gari akiwa amechoka, nikamshika mkono kumpeleka mlango wa mbele ulio karibu. Akakataa. Akaniongoza kuzunguka nyumba gizani, akaweka kiganja chake juu ya lile tofali lililolika, akapangusa miguu. Halafu akafungua, akasema: «Leo tupite hapa sote.» Kaka yangu alikuwa nyuma yetu. Alisimama kidogo. Naye akapita.